Faini ya Mama Kulwa

Mama,

Shikamoo. Nimeiandika, kisha nikakaa kimya nikisubiri marahaba yako. Mjinga mimi.

Tangu tukuzike, mvua haijakatika hapa Usinge, na nyumba imepoa. Kanga yako ya kanisani bado iko kwenye kamba ya chumbani, nimekataa isifuliwe. Kulwa hali vizuri. Unamjua pacha wangu, uchungu wake hutokea kwa mlango wa hasira. Waombolezaji walipoondoka tu, akaanza kunoa panga. Akasema mama wa kumzuia hayupo tena, ng'ombe wa mzee Luhende wakikanyaga shamba letu atawakata miguu.

Na walikuja, mama. Jana asubuhi waliingia kwenye karanga zako, zile ulizopanda ukikohoa. Nilipoona matuta yamelala chini nililia kwa sauti.

Kulwa akakamata jike mmoja mwekundu, akamfunga kwenye nguzo ya bani la kukaushia tumbaku. Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa ukifanya. Ng'ombe aliyeingia ulimfunga, ukamkamua, ukatupikia uji wa maziwa. Mzee Luhende akija kumfuata, ulimsalimia kwanza, ukamuuliza wajukuu, halafu ndipo ulipomsema mpaka akainama. "Maziwa ya leo ndiyo faini ya leo," ulimwambia. Kulwa alipokukumbusha hasara za nyuma, ulimjibu, "Bwana alitufundisha kuomba riziki ya leo. Kisasi cha jana hakutufundisha kukiomba."

Basi nikachukua sufuria, nikachuchumaa kati ya panga na yule ng'ombe. Nikavuta chuchu, hakuna kitu. Nikavuta tena, hakuna. Kulwa nyuma yangu anasema, "Toka, Doto. Toka, nisije nikakukata na wewe." Sikutoka. Usidhani ni ushujaa, mama. Miguu ilikuwa imekufa ganzi.

Mzee Luhende akatokea na fimbo yake, ndama akimfuata. Akaliona panga, akasimama. Fimbo hakuiinua. Akauliza tu, "Mama Kulwa yuko wapi? Nimekuja kusemwa."

Hakuwa na habari, maana yeye na ng'ombe wake walikuwa malishoni mbali huko porini. Nikamwambia tumekuzika. Akaiweka fimbo chini, akaketi palepale kwenye karanga, akawa anaita kwa Kisukuma chake, "Mayu wane, mayu wane," yaani mama yangu, kama mtoto aliyefiwa na mama yake mwenyewe. Kulwa alipomwona mzee mzima analia hivyo, mkono wa panga ukashuka.

Baadaye mzee akaitazama sufuria yangu tupu. "Mwanangu, ndama asiponyonya kwanza, huyu hashushi maziwa. Mama yako hakukuonyesha?"

Labda ulinionyesha, nami nilikuwa natazama simu. Akamleta ndama, akamwacha anyonye kidogo, akamvuta kando. Maziwa yakaja.

Nikapika uji. Mzee alikunywa. Kulwa hakunywa, kikombe chake kimelala mezani, utando juu. Karanga hazitarudi, mama, na sijui msimu huu tutakula nini. Majirani wanasema tumeonewa, na kweli tumeonewa. Uji ule haukunishibisha, wala sikumpenda mzee Luhende ghafla. Nilikutaka wewe tu.

Ila asubuhi hii nimelikuta panga uvunguni mwa kitanda chako. Kulwa ameliweka mwenyewe.

Pumzika sasa, mama yangu. Ningependa kukuahidi kwamba watoto wako hawatamwaga damu maisha yao yote, lakini ulinikataza kubeba kesho kabla haijafika. Nakuahidi leo. Leo hakatwi mtu wala mnyama kwenye shamba lako. Kesho nikiamka nitakusalimia, nisubiri marahaba yako, halafu nikuahidi tena.

Mwanao,
Doto