Somo Wako Amekula Mgahawani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua huwezi kuniitikia, lakini sijawahi kuanza kuzungumza na wewe bila neno hilo na sitaanza leo. Sisi huku Toronto hatujambo. Baba Zuhura bado yuko kwenye ghala lile lile karibu na uwanja wa ndege, mimi bado nafua mashuka ya mahoteli, na lifti ya jengo letu bado inakwama. Zuhura, somo wako anayebeba jina lako, amekuwa mrefu. Meno ya mbele yameng'oka, mengine yanaota, akicheka utadhani bibi kizee.

Nakuandikia kwa sababu ya Ijumaa. Shule yao inawapeleka watoto kwenye ile bustani kubwa ya mabembea nje ya mji, ile tuliyokwenda na wewe. Watashinda huko, na mchana watakula kwenye mgahawa wa ndani. Mwalimu aliniuliza: utakuja naye, utambakisha nyumbani, au utatuachia tuende naye? Nikamwambia nipe muda. Nikakaa na swali hilo kama mtu aliyemeza kitu kikakwama kifuani. Zuhura hakuniuliza chochote, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Ameshazoea kubaki.

Barua hii naiacha wazi, asome atakayetaka, maana wapo kina mama wengine hapa wenye watoto kama wangu, wanaojificha na vibakuli vyao pembeni kama nilivyokuwa nikijificha mimi.

Nakumbuka ulivyofika na lile begi la bluu. Nilishakwambia kwenye simu, mama, mtoto ana aleji, hali korosho, wala karanga, wala ufuta, wala maziwa, wala mayai. Ukawa unaitikia, "Haya, haya, nimesikia." Tukafungua begi sebuleni. Chini ya kanga kulikuwa na mfuko, ndani ya mfuko mfuko mwingine, na ndani yake korosho. Ulizibangua mwenyewe, vidole vyako bado vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa maganda. Nikasema, mama! Ukanijibu, "Sasa ulitaka nije mikono mitupu? Mtu anatoka Masasi kumwona mjukuu wake, abebe nini? Mchele?" Halafu ukamgeukia Zuhura pale kwenye zulia, ukamuuliza kabisa kama mtu mzima mwenzako, "Wewe somo, Mmakua gani usiyekula korosho?" Baba Zuhura alicheka mpaka akatoka nje.

Sare zangu, viatu vyangu, mpaka nilipoishia shule, vyote vilitoka kwenye korosho na ufuta wako. Nitakwambiaje kwamba hivyo hivyo vilivyonilea mimi vinaweza kumuua mwanangu?

Hukuzitupa. Ulikuwa unavaa koti la mkweo, unatoka roshani na baridi yote ile, unakula zako umesimama, theluji inakuangukia kwenye kilemba. Siku moja ukaingia, ukambusu Zuhura shavuni. Pale pale ulipoweka midomo yakatoka mabaka mekundu, yakavimba, jicho likafumba. Nikampa dawa yake, nikakaa naye na sindano yake ya dharura mkononi mpaka uvimbe ukashuka. Wewe ulikaa kwenye kochi umekunja mikono mapajani, na chakula hukugusa. Kesho yake ukamwita Mama Furaha, jirani yetu Mkongo wa ghorofa ya chini, ukampa mfuko wote. Alishukuru sana, akauliza kulikoni. Ukamwambia, "Nimemletea mjukuu wangu sumu nikidhani ni zawadi."

Tangu siku hiyo hakuna aliyekuwa mkali kukushinda. Mgeni alikuwa hajakaa unampeleka bombani kunawa. Hata baba Zuhura akirudi kazini ulimuuliza amekula nini huko. "Fungua mkono nione." Mkweo wewe, unamkagua kama mtoto wa shule!

Kiangazi kilipofika tukakupeleka kwenye ile bustani. Pale getini mlinzi alifungua mkoba wetu akakuta bakuli la wali na maharage, akasema chakula cha nje hakiruhusiwi. Wewe ulidhani tumekamatwa, ukaanza kutamka kalima. Nikamweleza ni kwa ajili ya aleji ya mtoto, akatupisha bila neno. Tukaenda mpaka mgahawani, na mimi nikasema, ngoja niingie nimuulize mpishi kama kuna anachoweza kula. Ukanishika mkono. "Umuulize mpishi ametia nini kwenye chungu chake? Umtukane mtu kazini kwake? Mimi sikukulea hivyo."

Ni kweli, hukunilea hivyo. Kwetu chakula cha watu hakiulizwi. Unanawa, unakula, unasifu, ukishindwa unasema umeshiba. Nikakaa. Tukala wali wetu kwenye benchi la nje, watu wanapita na trei zao za chipsi. Ulisema wali wako ni mtamu kuliko vyote vilivyomo humo, na sina shaka ulikuwa mtamu. Lakini Zuhura aliacha kijiko chake, akaenda akabandika pua kwenye kioo, akawa anawatazama watoto waliokaa ndani. Hakuwa anatamani chipsi, mama. Alikuwa anatamani kiti.

Ukarudi Masasi, na mwaka uliofuata ukatutoka. Sikuja kukuzika kwa sababu ya makaratasi yangu ya uhamiaji. Hilo nimeshalilia, leo silirudii.

Basi Jumamosi iliyopita nikaamua kwenda kujaribu kwanza mwenyewe kabla sijamjibu mwalimu. Baba Zuhura alikuwa zamu, tukaenda na Mama Furaha na binti yake Furaha, aliye darasa moja na Zuhura, kwa lile gari lake ambalo mlango mmoja unafunguliwa kwa ndani tu. Watoto walipanda vyote walivyoruhusiwa. Mama Furaha alipanda ile treni ya kupinduka hewani, akashuka amepoteza kiatu, anasema, "Mie sirudie tena, hata unipe dunia!" Njaa ikaanza kuuma. Nikamshika Zuhura mkono, nikaingia.

Tulikuwa tumepanga foleni na watu wengi nyuma yetu. Nikamwambia msichana wa kwenye kaunta kwamba mtoto wangu ana aleji. Nilidhani atakunja uso. Akasema nisubiri, akaenda jikoni, na akatoka mpishi mwenyewe, mama wa makamo, kofia ya wavu kichwani, uso umemlowa jasho. Akafuta mikono, akaniuliza, "Ana aleji na nini?"

Nikasema korosho. Nikasema karanga. Nikasema maziwa.

Akauliza, "Ni hizo tu?"

Mama, hapo ungekuwepo ungenielewa. Sikusahau. Zote zilikuwa kwenye ulimi. Lakini nilimtazama yule mama ameacha majiko yake yanawaka, nikasikia watu nyuma yangu wanahema, nikajiona kama mgeni anayefika kwa watu na kuanza kupekua vyungu. Nikatabasamu. Nikasema, "Ndiyo, hizo tu. Asante, usisumbuke."

Yaani nilisema usisumbuke, kwa maisha ya mwanangu.

Zuhura akanivuta nguo. Unajua yeye tunamsemesha Kiswahili anajibu Kiingereza, kwa hiyo nakuwekea maneno yake kwa lugha yetu. Akasema kwa sauti, hata msichana wa kaunta akasikia, "Hapana, mama. Mayai pia. Na ufuta. Ufuta ndio mbaya kuliko vyote."

Uso uliniwaka. Mama Furaha akanigonga na kiwiko. "Weye dada! Ule muntu anakuuliza, unachekacheka tu. Sema yote! Ama unaogopa kumuchokesha?"

Yule mpishi hakunitazama tena mimi. Alichuchumaa mbele ya Zuhura. "Ufuta unakufanya nini?"

"Koo linafunga," Zuhura akasema. "Mama ananichoma sindano halafu tunakwenda hospitali."

"Umefanya vizuri kuniambia. Mikate yangu yote ya baga ina ufuta. Ningekupa mkate."

Nilishika kaunta.

Kisha wakapanga chakula, wao wawili, mimi nimesimama kama mzigo. Mpishi akasema mafuta ya chipsi hayakaangi kitu kingine, kwa hiyo chipsi sawa. Kuku wake amepakwa unga wenye mayai na maziwa, hapana. Nyama ya baga ni nyama na chumvi, ataikaanga kwenye kikaango kilichooshwa upya, avae glavu mpya, na badala ya mkate ataifunga kwenye jani la saladi. Zuhura akafikiri. Akauliza, "Baga bila mkate ni baga?"

"Ni nyama, bibi, kula!" Mama Furaha akasema, hata mpishi ambaye haelewi neno akacheka.

Trei yake aliileta mwenyewe, mbali na za wengine. Zuhura akakaa mezani, Furaha upande huu, mimi upande ule. Sindano nilikuwa nayo mapajani. Namtazama midomo, namtazama shingo, namsikiliza anavyovuta pumzi, yeye anachovya chipsi kwenye tomato sosi. Akageuka. "Mama, acha kuniangalia." Nikaangalia dirishani. Nikamwangalia tena kwenye kioo.

Hakuvimba. Hakukohoa. Alimaliza nyama, akamaliza chipsi, akamwibia Furaha zabibu mbili baada ya kumuuliza zilioshwa wapi. Akanyanyua mikono akajinyoosha kama mwanamume aliyetoka shamba. Halafu wakarudi kwenye mabembea, wanakimbia, na mimi nikabaki pale mezani nimeshika leso machoni. Mama Furaha akaniacha nilie kidogo, kisha akasema, "Basi. Kula chipsi zako, zinapoa."

Nimefikiri sana tangu siku hiyo, mama, na sikuandikii kukwambia ulikosea. Kwetu hatuulizi kilichomo chunguni kwa sababu tunajua. Ufuta tumepepeta wote, korosho tumebangua wote, kisamvu kimetwangwa mlangoni kila mtu anaona, na aliyepika anakula na sisi sahani moja. Kuuliza hapo ni kumwambia mtu simwamini. Hapa mpishi yuko nyuma ya ukuta, hanijui na simjui. Yule mama hakuona tusi lolote. Ningemnyamazia, halafu mtoto akaanguka mbele ya kaunta yake, hapo ndipo ningekuwa nimemtenda vibaya, na yeye angebeba jambo hilo maisha yake yote. Wewe mwenyewe najua ulivyolibeba lile la shavu, ingawa hatukulizungumza tena.

Adabu yako sijaitupa. Zuhura bado ananisalimia asubuhi, bado anapokea kitu kwa mikono miwili, bado anasema asante akila. Nimeongeza hili moja tu. Na si mimi niliyemfundisha pale kaunta. Mimi ningempa mkate. Anasoma shule za huku, ambako mtoto akiulizwa anajibu, na miaka yote hiyo nilikuwa naona ni utovu wa adabu, namkanya, namwambia watoto hawadakii maneno ya wakubwa. Sasa namwambia dakia. La chakula, dakia.

Jumatatu nilimpigia mwalimu wake. Nikamwambia anakuja, nami nakwenda kazini. Mwalimu akaniomba nimwonyeshe tena jinsi ya kuchoma sindano, nikaenda, tukafanya mazoezi kwa ile isiyo na dawa, mara yeye, mara msaidizi wake. Mgahawa wenyewe nimeshawapigia, wamesema mzazi anaweza kuwajulisha mapema na mpishi atatoka kuzungumza na mtoto. Kina mama mnaosoma hapa, kumbe hilo linawezekana, ulizeni. Sindano zitakaa kwenye kibegi cha kiunoni cha Zuhura, na bakuli la wali litakuwa ndani ya mkoba wa mwalimu, iwapo hakutakuwa na kitu cha kumfaa.

Nilipomwambia Zuhura, hakuruka wala hakupiga kelele. Aliniuliza, "Bila wewe?" Nikasema bila mimi. Halafu akaanza kunihesabia kwa vidole, korosho, karanga, maziwa, mayai, ufuta, kwa Kiswahili, mama, zote kwa Kiswahili. Nikamwambia huko utasema kwa lugha yao. Akasema, "Najua. Hii nakuambia wewe."

Ijumaa mchana, wakati wa chakula chao, nitakuwa kwenye mashine nakunja mashuka. Simu itakuwa mfukoni na sauti nimeiweka juu kabisa, msimamizi aseme atakavyosema. Nitaogopa, sikufichi. Lakini yeye atakuwa ndani, amekaa kwenye kiti na darasa lake, na mtu akimuuliza kama ni hizo tu, atajibu mwenyewe.

Pumzika, mama. Ya Ijumaa yaache kwangu na kwake.

Ni mimi binti yako,
mama wa somo wako.