Viatu Vilivyopimwa Nikiwa Nimeketi

Jumapili, 28 Julai 1996

Viatu vimefika! Jozi sita, vyeupe, kisigino kifupi, mkanda mwembamba unaopita juu ya mguu. Komiti ya harusi imevinunua kwa pamoja mjini Kisii ili wasindikizaji wote tufanane. Bochaberi mwenyewe aliniletea vyangu, vimefungwa kwenye gazeti. “Vaa nione.”

Vimebana. Vidole vimegota mbele, na upande wa ndani wa mguu unazama, hauna pa kuegemea. Nikamwambia ni vizuri sana. Akapiga makofi.

Najua kosa lilianzia wapi. Mama yake alikuja mwezi wa tano na kijiti cha ufagio. Nilikuwa nimeketi kwenye kigoda, namenya viazi. Akaniinua mguu, akapima, akakivunja kijiti pale kisigino kilipoishia. Akakifunga pamoja na vingine, kila kimoja na uzi wa rangi yake, akavipeleka dukani. Hivyo ndivyo viatu vinavyonunuliwa hapa Birongo, na watu huvaa. Lakini mimi nyayo zangu ni bapa. Nikiketi zina urefu mmoja. Nikisimama zinalala chini zote, zinarefuka, zinatanuka.

Bochaberi anajua hilo. Shuleni, bwenini, akikuta alama za maji kwenye saruji nje ya bafu alikuwa anasema, “Persis amepita hapa.” Alama isiyo na kiuno. Hakuna mtu mwingine duniani anayeutambua unyayo wangu. Tarehe kumi na nane mwezi ujao anaolewa na Nehemiah, kisha anahamia Kitale.

Mimi ndiye wa mwisho kwenye mstari, yule anayetembea karibu na bibi harusi kuliko wote. Aliniahidi nafasi hiyo tukiwa kidato cha tatu. Ndiyo kitu pekee ninachokitaka mwaka huu. Kazi ya ualimu itakuja itakapokuja, nimeacha kuisubiri.

Jumatano, 31 Julai

Rihaso ya kwanza, mazoezi ya kuingia harusini, uwanja wa kanisa. Anayetufundisha machi ni Mokeira, binamu yake Bochaberi kutoka Nairobi. Miwani ya jua kichwani. Mzee wa kanisa alikuja kuangalia kama ni densi. Mokeira akamwambia, “Si densi, mzee. Ni kutembea tu, lakini kwa mahesabu.” Wote wakacheka. Hata mzee.

Hatua, simama, geuza bega, hatua. Baada ya raundi mbili tu nilikuwa nahisi msumari unapita katikati ya unyayo hadi kwenye kifundo.

“Wee msupa!” Mokeira akanipigia kelele. “Unatembea kama mtu ametoka kuchuma majani chai tangu asubuhi! Smile bana, hii si matanga!”

Bochaberi naye alicheka. Kidogo, lakini nilimwona.

Nikavua, nikakaa kwenye nyasi. Mokeira akaokota kimoja cha vyangu, akakijaribu kwa mzaha. Kikamkaa sawasawa.

Ijumaa, 2 Agosti

Nimekata slipa ya zamani kwa wembe, nikaifuata soli nzima toka kisigino hadi kidoleni, nikaitia ndani. Nilidhani nikiinua mguu mzima nitapumzika. Ujinga! Kiatu kilichobana, halafu unakijaza tena? Vidole vimebanwa juu na chini. Ukucha wa kidole gumba umekuwa wa zambarau.

Mama anasema mguu utakizoea kiatu. Anasema viatu vya harusi yake mwenyewe vilikuwa vya kuazima, na alivaa mpaka jioni, na mbona yuko hai.

Jumamosi, 3 Agosti

Sabato. Nimeenda kanisani na sandali. Viatu vimekaa chini ya kitanda kutwa, na mchana wote mimi juu yake.

Jumatatu, 5 Agosti

Nimeenda Kisii, duka la kina Subhash, kule vilikonunuliwa. Nilikuta mkewe, Sarla. Amezaliwa mji huu huu. Alinisalimia “Mbuya mono” kabla sijafungua mdomo, na Ekegusii chake kinakimbia kuliko changu.

Saizi kubwa zaidi ya aina hiyo hakuna. Nikasimama tu pale kaunta, sikujua niondoke vipi. Akaniambia nivue. Akanitazama miguu nikiwa nimesimama sakafuni.

“Aa. Wewe ni kama mimi. Chapati.”

Akavua chake akanionyesha ndani. Alikuwa ameng'oa soli ya ndani yote. Badala yake, kipande kidogo kimeshikilia pale kwenye tao tu, kinaishia kabla ya vidole. Anasimama nyuma ya kaunta asubuhi hadi jioni na kiatu hiki, alisema, na kabla yake alikuwa analia akifika nyumbani.

“Toa kwanza, mama, ndiyo uweke. Na usiweke mbele. Mbele wachia vidole.”

Basi. Akageukia wateja. Halafu akauliza, huku akifunga bidhaa za mtu mwingine, huyo rafiki anayeolewa anaenda wapi. Kitale, nikasema.

“Haya. Na wewe utabaki na nani?”

Hakungoja jibu. Nimelibeba swali lile mpaka Nyakoe, mpaka nyumbani, na bado ninalo.

Alhamisi, 8 Agosti

Rihaso. Sikutembea. Nilisema nimeteguka. Nilikaa nikiwatazama, na mahali pangu kwenye mstari Mokeira alisimama mwenyewe, “kushikilia nafasi tu.” Anatembea vizuri. Lazima niandike ukweli: anatembea vizuri sana.

Bochaberi alinisindikiza hadi kwenye safu ya mikaratusi. Alitaka kusema kitu. Alizungumza kwanza habari ya keki, na shangazi anayetaka kuimba. Mwisho akasema kama inauma sana nimwambie tu, hakuna atakayenilaumu.

Ningependa kulaumiwa. Anayelaumiwa bado anahitajika.

Jumapili, 11 Agosti

Kutwa nzima chumbani na viatu! Mama amefikiri naumwa.

Nimeviweka juu ya mvuke wa sufuria ili gundi ya kiwandani ilegee. Soli ya ndani ya kushoto ilitoka nzima. Ya kulia ilichanika, lakini haidhuru. Mara moja vidole vikapata nafasi, unene wa sarafu labda, lakini vidole vyangu vilijua.

Kisha vitegemezo. Kisigino cha slipa, sehemu ile nene, nimekichonga kwa wembe. Kinene upande wa ndani, kinapungua kuelekea katikati, kinakwisha kabisa kabla ya pale mguu unapojikunjia. Juu yake ngozi ya mkoba wangu wa shule. Nilikuwa naketi, navaa, nasimama, navua, nachonga tena. Mara ya kwanza nilikosea kama mama yake Bochaberi: niliweka alama nikiwa nimeketi kitandani, na niliposimama kitegemezo kikawa nyuma ya mahali pake. Nikaanza upya. Safari hii nilisimama, nikainama, nikapiga alama kwa kalamu nikiwa na uzito wangu wote chini.

Nimevishikiza kwa plasta. Nimetembea toka kitandani hadi dirishani.

Ni kama mtu ameweka kiganja chake chini ya mguu wangu.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimevaa viatu na soksi kuukuu juu yake visichafuke, nikaenda hadi sokoni na kurudi. Watoto wa jirani wamenicheka njia nzima. Sikuumia! Plasta inateleza kidogo upande wa kulia, inahitaji gundi ya kweli. Nilipofika nilitaka kumwambia mtu. Mama alikuwa shambani. Nikamwambia ng'ombe.

Kesho kutwa ni rihaso. Nitaingia kwenye mstari bila kusema neno, wataona wenyewe.

Jumatano, 14 Agosti

Bochaberi alikuja kabla sijatoka kwenda rihaso. Alikaa ukingoni mwa kitanda changu. Viatu vilikuwa chini yake, hatua moja kutoka miguuni pake, vimekwisha kutengenezwa.

Alisema amefikiri. Alisema hawezi kufurahi siku yake akijua kila hatua ninaumia. Mokeira atachukua nafasi yangu. Mimi nitakaa meza ya zawadi, niandike nani ameleta nini, kwa sababu nina mwandiko mzuri na nimesoma chuo kikuu, na watu wataheshimu.

Nikasema sawa. Nilisema sawa kabla hajamaliza.

Mokeira atakuja kuvichukua viatu Jumamosi, jua likishatua.

Sawa.

Akasimama mlangoni. Akauliza kama nimekasirika. Nikacheka! Nikamwambia meza ya zawadi ina kivuli. Akaondoka, na nikamtazama mpaka akapotelea kwenye migomba.

Kwa nini sikuinama tu nikavitoa? “Tazama, haviumi tena.” Maneno matatu. Mtoto angeyasema. Lakini nilitaka yeye aulize. Nilitaka asitoe nafasi yangu bila kuuliza mara moja tu: umejaribu nini? Amenihurumia tangu Julai na hajaniuliza hata mara moja.

Alhamisi, 15 Agosti

Hakuna.

Ijumaa, 16 Agosti

Nimenunua gundi kwa fundi wa viatu sokoni. Saa kumi jioni nimebandua plasta, nikapaka pande zote mbili, nikasubiri ishike kidogo, nikagandamiza. Nikaweka mawe mawili ndani. Ilibidi niwahi, jua likizama ni Sabato, na kazi kama hiyo haifanywi.

Mama alinikuta. “Si hivyo viatu vinaenda kwa Mokeira?”

Nikamwambia natengeneza.

“Unamtengenezea yeye?”

Harufu ya gundi ilikuwa kali, macho yakatoa machozi, nikageukia dirisha kuyafuta.

Sikujidanganya nilipokuwa napaka. Najua unyayo wa Mokeira una tao. Kitegemezo changu kitamchoma. Nilijua na nikapaka, na nikarudia kwenye kingo ili kusiwe na pa kuingiza ukucha.

Jumamosi, 17 Agosti, baada ya Sabato

Wamekuja wawili. Sikutarajia Bochaberi. Bibi harusi siku ya mwisho hatoki, lakini amejifunga kitenge kichwani akapitia njia ya shambani. Mama amewapa chai.

Mokeira alivaa hapo hapo kwenye kochi. Akasimama. Akakaa.

“Ala! Kuna nini huku ndani? Ni kama jiwe!”

Akaingiza mkono. Akavuta. Hakitoki. Akaomba kisu, na Mama akaenda jikoni kukileta, bila kunitazama.

Bochaberi alichukua kiatu cha pili. Alipitisha kidole gumba ndani polepole, toka kisigino hadi pale kinapoishia. Akaipapasa ile ngozi. Ameujua mkoba. Alikuwa akiuazima shuleni.

“Ulitengeneza lini?”

“Jumapili.”

“Jumapili ipi?”

“Iliyopita.”

Nilimwona akihesabu. Akafika Jumatano. Akafika kitandani kwangu. Akakiweka kiatu chini taratibu.

“Na ukanyamaza,” akasema.

“Na hukuuliza,” nikasema.

Mokeira alitutazama, mmoja kisha mwingine. “Nyinyi mna nini? Toeni tu hiyo kitu, wasee, kesho ni saa nne.”

Nikasema nitatoa mimi. Kisu kitachana ngozi ya ndani ikiwa mtu hajui kitegemezo kilivyokaa. Nimeingia navyo chumbani, nimefunga mlango. Kisu kiko kitandani. Nimeketi naandika haya kwa haraka, na viatu viko miguuni. Nimevivaa bila kuamua.

Nje Mokeira anamweleza Mama kuhusu maua. Kikombe kinawekwa. Hatua za mtu mmoja zinakuja hadi mlangoni, na zinasimama. Hagongi.

Ananiita kwa sauti ya chini, asisikiwe na wale wa sebuleni.

“Persis. Ukisimama, vinauma?”

Nimesimama. Kalamu bado mkononi, daftari kwenye ukingo wa dirisha. Uzito wangu wote uko chini, na yeye yuko upande wa pili wa mbao, anangoja. Naweka kalamu.