Lori la Kuchukua Kinanda

Koboko,
Agosti 1991

Kaka Sule,

Pokea salaam zetu za hapa nyumbani, mimi na Mama. Tu wazima, tunamshukuru Mungu, ila goti la Mama linamsumbua mvua ikikaribia, na mwaka huu mvua haiishi kukaribia. Wifi Sitti hajambo? Na watoto? Tumesikia hoteli yako hapo Arua imepakwa rangi mpya, na kwamba wageni wanakosa vyumba. Tumefurahi.

Naandika haraka, kwani dereva wako, Drani, yuko uani anakunywa chai na wapakizi wake, na anataka kufika Arua kabla ya giza. Alifika asubuhi na ujumbe wako. Umesema kinanda kipakiwe, kifungwe blanketi, kisiwekwe karibu na mapipa ya mafuta, kwa sababu unakitaka kwenye ukumbi wa hoteli. Umesema pia, na Drani alilirudia neno hilo mbele ya Mama bila haya, kwamba mimi, Afisa, nisikiguse, maana ni chombo cha kitaalamu.

Kaka, neno hilo nimelitafuna tangu asubuhi na limekataa kumezeka.

Nani amekigusa miaka yote hii? Ni kweli ulikinunua wewe, kwa yule mwenye sinema alipokuwa akifunga, ukakileta hapa, ukatupigia jioni mbili tatu. Wakati wa kukimbia vita wewe ulikuwa umetangulia na familia yako. Mimi na Mama ndio tuliojenga ukuta wa matofali mbele yake katika chumba cha nyuma, ili atakayeingia aone ukuta tu. Tuliporudi kutoka Sudan mabati yalikuwa yamekwenda, milango imekwenda, ukuta umesimama. Nilipoubomoa nilikuta panya wamezaa chini ya makanyagio ya miguu na mchwa wamekula ubavu mmoja. Nikakuandikia. Ukajibu nikifunike vizuri.

Kufunika! Ingekuwa kufunika kunatosha, ningekuwa nimepumzika. Nilikwenda hapo hapo Arua kwa Lino, fundi redio, akanifundisha kulehemu nyaya, kwa sababu mwenyewe alikataa kuja Koboko. Valvu, zile taa za kioo zilizo ndani yake, nimezibadilisha moja moja kadiri zilivyopatikana kwa wafanyabiashara wa mpakani Vurra. Mkanda unaozungusha spika ulikatika. Nikafungua ule wa cherehani yangu nikauweka, na nguo za harusi ya binti wa Rosa Kiden, jirani yetu, zikachelewa. Rosa hajanisamehe hadi leo. Vibonye vya safu ya juu vinavimba mvua ikinyesha. Katika safu ya chini kuna kimoja ambacho kwa muda mrefu, kila nilipowasha, kilianza kulia chenyewe kama mbuzi aliyesahauliwa kambani. Jenereta nayo ikichoka, sauti yote inateremka, wimbo ulioanza kama harusi unaishia kama matanga. Na wewe unaniambia nisikiguse.

Siku kilipotoa sauti safi mara ya kwanza, Mama alitoka jikoni na unga mikononi akauliza, "Sule iko hapa?" Nikamwambia hapana, ni mimi. Akarudi jikoni. Nilikizima, na ningekuwa na shoka karibu sijui ningefanya nini. Lakini kesho yake alileta mkeka na ungo wake wa ufuta, akakaa karibu, akaniambia nipige. Nilianza kwa kidole kimoja. Sasa ni mikono miwili na miguu. Wewe hujui, kwa sababu hujawahi kuuliza.

Sasa nisikufiche lililotokea leo. Sikutaka ugomvi, Kaka. Wewe ndiye mkubwa, na mali uliinunua. Nilikifunga blanketi mwenyewe, nikawaonyesha wapakizi mahali pa kushika. Walikuwa wamekifikisha kizingitini mmoja wao aliponiuliza nani anapiga kitu kikubwa hivi. Nikajibu, "Kaka yangu."

Mama aliinua uso kwenye ungo wake, akanitazama. Nilishikwa na aibu ya mtu aliyemkana mwanawe. Nikawaambia wakiweke chini. Niliwasha jenereta, nikavuta waya hadi mlangoni, nikapiga nimesimama, kinanda nusu ndani nusu nje, blanketi likining'inia. Drani alizima redio ya lori. Hata Rosa Kiden alikuja akasimama uani, mikono kiunoni, hakuondoka mpaka mwisho.

Nilipomaliza Drani alikuna kichwa. "Sasa mimi nitaambia muzee nini?"

Mama ndiye aliyemjibu. "Ambia Sule, kinanda iko ya Afisa. Yeye iko na hoteli."

Kwa hiyo hakiji. Wamekirudisha mahali pake, na Drani hana kosa, usimfokee. Ukikasirika, nikasirikie mimi, lakini njoo unikasirikie hapa hapa. Barabara inayoleta lori inaleta na mtu. Kaa na Mama, umwangalie goti, kisha nitakupigia, nawe utaniambia kama nimekiharibu.

Lori lisirudi tupu, Mama amepakia mihogo na jogoo mmoja. Anasema jogoo ni wa Wifi Sitti, si wa wageni wa hoteli. Wabusu watoto kwa niaba yetu. Mungu awalinde wote mlio chini ya paa hilo, na akuonyeshe njia ya kuja Koboko.

Ni mimi mdogo wako,

Afisa, mwenye kinanda