Kiuno cha Karani

4 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini hujambo na goti limetulia. Mimi mzima, ila situlii. Tangu daktari anikate mfuko wa chakula ili nipungue ni mwaka na miezi mitatu, na leo mzani umesoma themanini na nane. Nilianza na mia arobaini na mbili, Mama! Asubuhi hii nimeupanda mara tatu nikihofia umekosea. Huku stoo, waliozoea kuniita Bonge sasa hawajui waniite nani.

Nimekuwekea uzi niliojipimia kiuno kama kawaida, maana fundi wewe huamini namba za watu. Unasema kila mteja hujipunguzia. Nishonee suruali ya kijivu.

Mwanao

20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti lina kiburi, lakini cherehani inazunguka. Uzi wako umefika. Nimepiga vigelegele peke yangu hadi muuza mboga wa jirani akaja mbio, akidhani nimepata mkwe. Nyuzi zako zote tano nimezitundika ukutani dukani, kuanzia mrefu hadi mfupi. Wateja wanazitazama kuliko vitambaa. Nawaambia huyu ndiye mwanangu, na wa sita utakuwa mfupi zaidi.

Kliniki unakwenda? Vidonge vya vitamini unameza? Usinijibu "ndiyo Mama" tu kama ulivyozoea.

Mama yako

11 Juni

Mama,

Shikamoo. Habari za siku nyingi? Samahani kwa ukimya, kazi imenibana. Uzi ni huu. Nishonee suruali nyeusi safari hii. Kliniki nitakwenda, foleni yao ni ndefu mno. Usiwe na wasiwasi.

Mwanao

2 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Sisi huku hatujambo. Suruali nimempa dereva wa basi, kaichukue. Uzi mfupi hivyo! Nimeutundika siku hiyohiyo. Lakini barua yako ilikuwa fupi kuliko uzi. Kuna nini?

Mama yako

15 Septemba

Mwanangu,

Hujambo? Hii ni ya pili bila jibu, na simu hupokei. Kama nimekukosea, niambie. Kimya chako kinanitia kiwewe. Jana nimeshona mkono wa kulia upande wa kushoto.

Mama yako

9 Novemba

Mama,

Shikamoo. Leo sisemi mimi mzima, nimechoka kusema uongo. Uzi wa Juni haukuwa wangu. Nilimpima karani wetu wa stoo, yule mwembamba, nikamdanganya kwamba ni mambo ya sare. Suruali yako haikunipita mapajani. Nikampa yeye, na anavyoringa nayo hapa, wallahi namchukia.

Ilianza na maziwa mazito ya kopo. Makopo yakibonyea hayauzwi, wafanyakazi tunagawana. Nyama inanikwama, mkate unanikwama, lakini yale yanateleza yenyewe. Nikishikwa na huzuni nalamba kijiko kimoja, nazunguka stoo nzima, narudi kulamba kingine. Kliniki sijaenda tangu Machi kwa aibu. Vidonge vimeisha, na nikipanda ngazi nashikwa na kizunguzungu.

Kila nikishika kalamu naona ule ukuta wako na wateja wanaongoja uzi mfupi. Huu mrefu ungeutundika wapi? Naogopa nitarudi kuwa Bonge, na wewe utanionea aibu.

Mwanao

16 Novemba

Mwanangu,

Marahaba, marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Sikujua kitu. Fundi wa miaka thelathini nimedanganywa na kiuno cha karani! Nilifurahi mno hata sikufikiri.

Nyuzi nimezitoa zote. Mteja aliponiuliza nimemwambia ukuta unapakwa rangi, kwa hiyo sasa tuko waongo wawili. Nilikugeuza tangazo la duka. Nisamehe, baba.

Aibu gani? Ulipozaliwa mkunga alikupima kilo nne na robo tatu, nikautangazia mtaa mzima. Kilo zako hazijawahi kunitisha. Hicho kizunguzungu ndicho kinanitisha. Jumanne saa tatu asubuhi nitakuwa mlangoni pa kliniki yako. Usipotokea, nitaingia nipimwe badala yako, na unajua mdomo wangu ukikutana na wauguzi.

Mama yako

2 Desemba

Mama mpenzi,

Shikamoo. Ulifika salama? Goti je? Pale stendi basi liliondoka haraka, na niliyotaka kukwambia yakabaki mdomoni.

Jumanne ile kliniki, muuguzi aliposoma mia moja na tatu, nilitazama sakafu. Kilo kumi na tano zimerudi! Nilingoja uhamaki, au useme si nilikwambia. Wewe ukamuuliza, "Na mlipomkata huo mfuko, mlimfundisha afanye nini akiwa na huzuni?" Muuguzi akaweka kalamu chini. Akasema kilo huwarudia wengi, ila wanaorudi kliniki ni wachache, na akanipangia kuonana na mshauri. Mama, mwaka mzima nilikuwa najiuliza swali hilohilo na sikuthubutu kulitamka.

Vidonge nimeanza tena. Nimemwambia msimamizi asinigawie makopo. Fungu langu anachukua karani, na tutaona ile suruali itamvumilia hadi lini.

Bado situlii. Hata haya naandika mstari mmoja, nazunguka chumba, narudi. Jana nimekwenda kliniki peke yangu. Mia moja na tatu na nusu. Imepanda, Mama, na nakuandikia hivyohivyo.

Mwanao