Ukuta wa Injinia Ulipokauka

Garsen, Jumatano, 1998.

Jua limewaka tangu asubuhi bila wingu hata moja. Tope la mafuriko limekauka barabarani likapasuka vipande vipande, na upepo wa upande wa malisho umeleta vumbi na harufu ya ng'ombe. Mtu anayekusudia kumwaibisha mwenzake hadharani pengine hapaswi kupata usingizi mzuri.

Mimi nimelala vizuri.

Leo wodi mpya ya kina mama ilikuwa ikabidhiwe. Mkaguzi wa majenzi alitoka Hola kuja kutia saini, na saini hiyo ndiyo ingemfungulia mkandarasi malipo yake ya mwisho. Mkandarasi huyo tunamwita Injinia. Hakusomea uinjinia popote ninapopajua. Alianza kuitwa hivyo siku aliponunua kofia ya plastiki ya manjano.

Kaka yangu Jillo, fundi mwashi, alianguka kutoka juu ya ukuta wa wodi hiyo. Jukwaa alilosimamia lilikuwa la boriti za mikoko zilizofungwa kwa kamba za katani. Mbao zililazwa juu bila kupigiliwa misumari, na hapakuwa na kizuizi nyuma yake. Kamba moja ilikatika. Nyonga ikavunjika. Alipelekwa Malindi juu ya lori la ng'ombe, na hadi leo anatembea kwa magongo.

Mimi ni mwandishi wa habari, na ajali najua kuiandika kama ajali. Nimeandika nyingi. Lakini jioni ile ile Injinia aling'oa boriti zote akazitia kwenye tanuri la matofali, kisha akaja nyumbani kutoa pole. Mbele ya mama yetu alisema jukwaa lake lilikuwa la mabomba ya chuma, la kukodi kutoka Mombasa, na kwamba fundi mlevi huanguka hata akiwa kitandani.

Jillo hajawahi kuonja pombe.

Tangu siku hiyo hakuna aliyekuja hata kumuuliza bei ya kujenga choo. Nyonga itapona, daktari amesema. Lile neno la ulevi ndilo lililomlaza.

Vibarua walijua ukweli. Niliwauliza mmoja mmoja, nao wakatazama chini. Injinia amewaahidi kazi nyingine, na baada ya mafuriko haya hakuna shamba la kurudia. Siwalaumu. Boriti zilikuwa majivu, midomo imefungwa, na mimi sikuwa na cha kuandika.

Kisha wiki iliyopita manyunyu yakapita. Nilikuwa nikipita karibu na wodi. Ukuta ulilowa wote, ukaanza kukauka, na nikaona madoa ya mviringo yamebaki meusi, yamejipanga mstari juu ya mstari. Nilisimama pale hadi nguo zikakauka mwilini.

Jukwaa la miti hutegemea ukuta. Miti mifupi inayobeba mbao huingizwa ncha ndani ya ukuta wenyewe, na ikitolewa huacha matundu. Kanuni inataka matundu hayo yazibwe kwa saruji nzuri. Injinia aliyaziba kwa udongo na vipande vya matofali, akapaka lipu nyembamba na chokaa juu. Udongo ukinywa maji hauyaachi upesi. Jukwaa la chuma la aina aliyoitaja husimama kwa miguu yake, halina haja ya kutoboa ukuta.

Ningeweza kumwambia mwenyekiti wa kamati ya ujenzi siku ile ile. Sikumwambia. Nilitaka Injinia awe amevaa kofia yake, na watu wawe wamekaa.

Jana nilikwenda kwa Barisa, mfugaji wa Kiorma, jirani yetu wa siku nyingi, kuazima pampu ya mgongoni anayonyunyizia ng'ombe dawa.

"Una ng'ombe tangu lini?" akaniuliza.

"Sina."

"Hii ni ya kupe, dada."

"Kupe ninaye."

Akataka kujua ni kupe gani, nikamtajia jina. Akaingia ndani, akatoka na pampu ameikung'uta vumbi. "Huyo," akasema, "dawa ya kawaida haimwezi."

Leo basi, chini ya turubai, mkaguzi alisoma bili kwa sauti, kifungu kwa kifungu. Alipofika kwenye jukwaa la mabomba ya chuma, kodi yake, usafiri wake na vizuizi vyake vya pembeni, Injinia aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia sala yake ikisomwa. Gharama ya jukwaa hilo ilizidi ya mabati ya paa zima. Mkaguzi akauliza kama kuna swali. Nikaomba ruhusa ya kulowesha ukuta.

"Dada mwandishi," akasema Injinia, "habari zimekwisha mpaka mnaosha kuta? Ukimaliza hapo, gari langu lina vumbi."

Watu walicheka. Nilijitwika pampu nikanyunyiza kutoka dirisha la kwanza hadi pembeni. Ukuta ukalowa, ukawa rangi moja. Hapakuonekana kitu.

"Ukuta umeshaoga," akasema Injinia. "Tutie saini, bwana mkubwa. Njia ya Hola si ya kuendea gizani."

Nikamwomba mkaguzi anipe muda wa kikombe kimoja cha chai. Chai ilikuwa tayari, naye alikuwa na kiu. Nikasimama na pampu mgongoni, maji yakinichuruzika kiunoni, nikiliachia jua kazi.

Aliyeona kwanza ni mama aliyekuwa akimimina chai. "Jamani," akasema, "mbona huu ukuta una ndui?"

Mkaguzi aliweka kikombe chini. Aliufuata mstari wa madoa kwa macho, akasimama kwenye kiguzo chembamba kilicho kati ya madirisha mawili, akachokoa doa moja kwa kalamu yake. Udongo ulimwagikia viatu vyake. Kalamu ikaingia yote.

"Hapa hapatobolewi kamwe," akasema. Alikuwa akisema polepole. "Hapa ndipo paa linapokalia. Haya mabomba yako yaliingiaje humu?"

Injinia akasema hayo ni makosa ya fundi.

"Fundi yupi?" nikamuuliza. "Yule mlevi?"

 Watu wote waligeuka kumtazama Jillo, aliyekuwa amekaa nyuma, magongo yakiwa magotini. Mkaguzi alikunja karatasi bila kutia saini. Kifungu cha jukwaa kimefutwa, na viguzo vyote vyenye matundu vitabomolewa na kujengwa upya kwa gharama ya Injinia. Injinia alivua kofia akaishika kwa mikono miwili.

Niwe mkweli hapa. Uso wa kaka yangu wakati ule siukumbuki. Kofia naikumbuka mpaka mikwaruzo yake.

Alasiri Injinia alikuja nyumbani na wazee wawili na kilo kadhaa za sukari. Amekubali kulipa gharama za hospitali, na matumizi ya Jillo mpaka atakapotembea bila magongo. Mbele ya mama, na mbele ya wazee, alisema Jillo hakuwa amelewa. Alilisema haraka. Mama akamwambia alirudie, kwa kuwa masikio yake ni mazito. Masikio ya mama hayana tatizo lolote. Akalirudia.

Akanigeukia. "Dada, basi yamekwisha?"

"Yamekwisha," akajibu Jillo.

Mimi niliitazama pampu iliyokuwa mlangoni. Injinia alipoondoka, Jillo aliniita karibu. "Jina langu nimelipata," akasema. "Wewe unatafuta nini tena?"

Kabla ya magharibi mtu mmoja alikuja kumuuliza Jillo kama anaweza kuwasimamia vibarua wake wa msingi, hata kwa kukaa kitini. Jillo ameanza kunoa mwiko ambao hauhitaji kunolewa. Hapo ndipo mtu mwenye busara angeishia.

Lakini Injinia ana jengo jingine Hola, bweni la shule, lililokabidhiwa mwaka jana likapigiwa makofi, na kwenye bili yake nasikia kulikuwa na mabomba hayo hayo ya Mombasa. Najiambia ni kwa ajili ya watoto wanaolala chini ya paa lile. Ni kweli, wapo, na wanalala. Ila si wao walionifanya nioshe pampu jioni hii na kuijaribu uani mara mbili.

Barisa hajaidai. Asubuhi kuna gari la Hola, na mawingu hakuna.