Ruhusa ya Bibi Minza

Jumanne, Bariadi. Jua kali, vumbi la msimu wa pamba kila mahali, na mimi nimekaa mbele ya kompyuta ya kukodi nikisikia baridi mgongoni.

Wanaonijua wanajua siogopi kitu. Mimi ni mtoto wa Voi, utingo wa malori makubwa, nimelala Lubumbashi, Kigali, Lusaka, na askari wa mipakani wananiita kwa jina la utani. Shule niliiachia darasa la saba, sawa. Lakini kwenye kituo cha watoto wenye ulemavu hapa Bariadi, ninakojitolea tangu mwaka jana, hakuna anayenishinda kuwachekesha.

Leo sikumchekesha mtu.

Mimi na Tereza, muuguzi wa kituo, tulikwenda kijiji cha Migato kwa pikipiki kumwona mtoto aitwaye Minza. Ana miaka kama minane. Hatembei, hasemi, misuli imekaza. Magoti yake yasipoanza kunyooshwa sasa, yatagandia hivyo hivyo maisha yake yote. Tulitaka baba yake, Maduhu, atukubalie tumlete kituoni.

Tulimkuta Minza chumbani ameegemezwa kwenye lundo la pamba lililokaribia dari. Wanunuzi siku hizi ni wengi, kila mmoja na bei yake, basi Maduhu anawasubiri wagombanie bei kwanza. Chumba cheupe, kimya. Pamba inameza sauti. Hata yangu, hebu fikiria!

Maduhu aliingia na mkewe, akavua kofia, akainama. "Mwangaluka, mayu."

Hiyo ni salamu ya asubuhi ya Kisukuma, na mayu ni mama. Alikuwa anamsalimia binti yake. Akasubiri kama anayesikiliza jibu, halafu akaitikia kwa kichwa.

Tereza, Msukuma wa hapa hapa, akaninong'oneza: mtoto amerithi jina la bibi yake mzaa baba, aliyefariki wiki ile ile aliyozaliwa yeye. Kwa nyumba hii, bibi amerudi.

Nikaanza porojo zangu za magoti. Maduhu akanikata.

"Mkenya, unaongea kama redio yenye betri mpya. Wewe mama yako unaweza kumvuta miguu?"

"Si ni mtoto, mzee?"

"Basi mwombe mwenyewe. Akikubali, mchukue."

Nikapiga magoti ubavuni kwa Minza. Nikamwamkia, nikaomba, kwa adabu ambayo hata chifu wa kwetu hajawahi kuipata. Macho ya Minza yalikuwa ukutani, kwa hiyo nikamshika kidevu taratibu, nikamgeuzia uso kwangu.

Mkono wake ukanyooka. Kiganja kikatua kichwani pangu, kikakaa.

Mama yake akapiga vigelegele. Maduhu machozi yakamtoka. "Amekubariki!"

Sasa hapa nisifiche. Tereza alinifundisha mapema sana: watoto wenye hali hii, ukiwageuza kichwa, mkono wa upande uso ulikogeukia hunyooka wenyewe. Nilijua. Tereza naye alijua, alitazama chini. Tukanyamaza wote wawili, maana Minza alikuwa ameshapata safari.

Nikajiambia, uongo mdogo, faida kubwa. Nikaaga.

Mlangoni nikageuka.

Minza alikuwa amerudisha uso ukutani. Hakuna aliyemgusa. Kwa somo la Tereza, uso ukishageukia kwingine, mkono ule ulionigusa ulipaswa kujikunja. Ulikuwa juu. Vidole vinacheza polepole, kama bibi anayekuita urudi kwa sababu ana neno hajamaliza.

Nikamtafuta Tereza anieleze. Alikuwa ameshawasha pikipiki.

Kesho asubuhi tunamfuata. Nitalishika lile goti na kulinyoosha, na itamuuma kidogo. Nitakuwa nimeruhusiwa na nani? Na kama kweli bibi yumo mle, si aliniona nikidanganya?

Nitaanza kwa kumsalimia. Halafu, mimi mwenye mdomo huu, nitanyamaza hadi anijibu.