Makorongo Wameshindwa Tena

Kikwajuni, Unguja
20 Julai 1998

Kwa kaka yangu Sufian,

Assalaam alaykum, wewe na wifi Haifa. Kuuliza kama hamjambo naona haya, lakini barua haina mlango mwingine. Mimi mzima wa mwili.

Ijumaa tumesoma hitma ya arubaini ya Ziyad. Watu walijaa mpaka baraza ya jirani. Walikuja hata wale waliocheza naye udogoni, sasa wana ndevu, wanakaa wanatazama mlango wa chumbani kama atatoka. Chumba chenyewe sijakigusa. Kitanda alicholalia kwangu mpaka mlipomchukua ana miaka saba kiko palepale. Watu wananiuliza kijana wa miaka kumi na minane anakufaje uwanjani anakimbia, hajaguswa na mtu? Nawaambia madaktari wamesema ni moyo. Hawaelewi, na mimi sielewi.

Jambo moja, kaka. Kwenye klabu yetu ya taarab nimewaambia siimbi. Baba na mama hawapo, wewe ndiye mkubwa wetu, na mfiwa ni wewe uliyemzaa. Sipandi jukwaani mpaka unipe ruhusa. Ukiona muda umetosha niandikie mstari mmoja tu, "Sheikha, imba." Nyimbo zangu wameniwekea, hapewi mtu kwa sasa.

Mwambie wifi namuombea subira.

Mdogo wako,
Sheikha


Thamesmead, London
30 Agosti 1998

Mdogo wangu Sheikha,

Waalaykum salaam. Barua yako nimeipata, ahsante. Sisi wazima. Haifa amerudi kazini kwake kwenye nyumba ya wazee, mimi nimerudi stoo ya hospitali. Jua linawaka, watu wa hapa wamefurahi.

Jumapili nakwenda mpirani. Utashangaa. Ni besboli, mchezo wa Ziyad. Timu yao inaitwa Makorongo, kwa sababu ya hawa ndege wa miguu mirefu waliojaa kwenye maziwa ya mtaani kwetu. Kocha wao ni Douglas, dereva wa basi, alikulia Kanada na ndiye aliyewaambukiza vijana wa hapa. Nilikwenda kuchukua begi la Ziyad, akanikuta nimesimama, akaniletea kiti. Jumapili ya pili nikaenda tena, kiti kipo. Sasa amenipa na daftari. Mimi ndiye mwandishi wa matokeo.

Ni kama nage yenu ya wasichana, ila huyu wa katikati ana gongo. Anarushiwa kijipira, akikipiga anakimbia vituo vinne kwa zamu. Cha nne wanakiita nyumbani. Ukifika nyumbani timu inapata moja. Ziyad ndiye aliyekuwa mkimbiaji wao. Alianguka kati ya kituo cha pili na cha tatu. Nimepatazama sana pale. Ni majani tu.

Tangu hapo hawajashinda. Kumi na nne kwa mbili. Tisa kwa sifuri. Kumi na moja kwa tatu. Wakishindwa siumii, na sidhani ningefurahi wakishinda. Naandika, nafunga daftari, narudi nyumbani kula.

Kaka yako,
Sufian


Kikwajuni
3 Januari 1999

Kaka Sufian,

Assalaam alaykum na Ramadhani njema. Huku tumefika kumi la pili na joto limetushika kooni. Mko salama na baridi yenu?

Wewe uliyekuwa ukitufukuza barazani tusicheze nage, eti tunakupigia kelele, leo unakaa kitini unaandika nage ya wazungu! Nilicheka peke yangu jikoni mpaka uji wa futari ukaungua. Ni mara yangu ya kwanza kucheka tangu Juni. Halafu nikafika pale ulipoandika kituo cha pili na cha tatu, nikakaa chini.

Klabu wanafanya mazoezi ya Idd. Fidla inafika mpaka kwangu, nafunga dirisha. Vuai, katibu wetu, ananiuliza kama nimepata barua kutoka Landani. Namwambia nimepata. Inasemaje? Namwambia Makorongo wamepigwa kumi na nne kwa mbili. Maskini, anaondoka anakuna kichwa.

Sikuharakishi, kaka. Nangoja jibu lako, litakapokuja.

Mdogo wako,
Sheikha


Thamesmead
16 Mei 1999

Mdogo wangu,

Waalaykum salaam. Natumai barua hii itakukuta salama. Sisi wazima, alhamdulillahi.

Msimu umeanza mwezi uliopita. Mechi tano, tumepigwa tano. Leo ilikuwa kumi na sita kwa moja, na hiyo moja ilipatikana kwa sababu mrushaji wao aliteleza. Douglas anasema tatizo letu ni kukimbia. Vijana wakifika kituo cha pili wanasita. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kupita pale kwa kasi. Hawasemi, lakini mimi naandika na naona. Wanasimama pale mpaka wanatolewa.

Wana desturi moja. Kila mchezaji ana wimbo wake. Zamu yake ikifika, Douglas anabonyeza redio yake kubwa na mtu anaingia na gongo lake kwa wimbo anaoupenda. Mmoja anaingia kwa ngoma za Kikongo, mwingine kwa kelele tu. Wenzake wanapiga makofi. Mimi inanipita. Wewe unanijua nilivyokuwa, nikisikia kanuni ya taarab inatengenezwa nyuzi tu nimeshakaa. Sasa hata adhana ya kanda naisikia kama mfereji wa maji wa jirani uliosahauliwa wazi. Kanda zangu nimezitia kwenye boksi juu ya kabati. Haifa aliwahi kutaka kuzishusha, nikamwambia aziache.

Nyumba hii haina muziki, na sijui itakuwa nao lini.

Kaka yako,
Sufian


Kikwajuni
2 Juni 2000

Kaka Sufian,

Assalaam alaykum. Natumai wewe na wifi mko katika afya. Mwaka mzima sikukuandikia. Ulisema nyumba yako haina muziki, nikajua hilo ndilo jibu langu, na mtu akishajibiwa hagongi tena mlango.

Naandika kukupa habari. Klabu wamealikwa Landani. Watapiga tarehe 22 Julai, Jumamosi, kwenye ukumbi ulioko Wembley. Ukiweza nenda na wifi mkawape salamu, wamebeba na halua yenu.

Na swali, kama si tabu. Uliniambia kila mchezaji ana wimbo wake wa kuingilia. Ziyad aliingia kwa upi?

Mdogo wako,
Sheikha


Thamesmead
24 Julai 2000

Sheikha,

Assalaam alaykum. Tumekwenda Wembley.

Haifa alishona nguo. Alisema, "Hakutuambia kama anakuja, anataka kututia mshangao, namjua Sheikha." Tulikaa safu ya tatu. Walipiga, watu wakatunza pesa, mimi nikangoja. Fidla ikaanza peke yake, ule wimbo wako, nikamwona Haifa anasimama. Akatoka binti mdogo. Sundus, ndilo jina walilomwita. Akauimba wote, na Haifa alibaki amesimama mpaka watu wa nyuma wakamwambia akae.

Nilijua unaumwa na mnanificha. Nilimfuata Vuai nyuma ya pazia. Nikamwambia, "Niambie ukweli, Sheikha ana nini?" Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. Akasema, "Sufian, Sheikha hana ugonjwa. Tumemngoja mwaka wa pili huu. Si wewe uliyemkatalia?"

Nikamuuliza nimekataa nini.

Sheikha, barua yako ya kwanza sikuisoma. Nilifika penye "hitma ya arubaini ya Ziyad," nikaikunja nikaitia kwenye mtoto wa meza. Halafu nikakujibu kama niliyeisoma. Juzi usiku nimeitoa nikaimaliza. Na uliponiandikia kwamba unangoja jibu langu, sikujua jibu la nini na sikuuliza. Nilikuwa siulizi kitu. Naona haya, na ni siku nyingi sijaona chochote.

Basi: Sheikha, imba. Imba leo.

Na swali lako. Ziyad aliingia kwa wimbo wako huohuo. Alimpa Douglas kanda uliyomtumia. Fidla ikianza, timu nzima walisimama wakizungusha mikono kama wanaotunza, amewafundisha yeye, na yeye anakuja polepole na gongo begani mpaka sauti yako iingie. Mara nyingine mwamuzi alimkaripia kwa kuchelewa.

Kaka yako,
Sufian


Kikwajuni
14 Agosti 2000

Kaka,

Waalaykum salaam. Barua yako nimeisoma mpaka mwisho. Sisi huku ndivyo tunavyofanya.

Wimbo ni wa Sundus sasa. Binti anauimba vizuri, sitomnyang'anya kwa kosa lisilo lake. Vuai anasema nije na mpya. Nitaona. Sauti niliyoiweka miaka miwili sijui kama bado ni yangu.

Hilo nimelimeza. Lililonikaa hapa kifuani ni jingine. Mtoto aliingia uwanjani kwa sauti yangu, ukijua, na wewe ukaniandikia kumi na nne kwa mbili! Tisa kwa sifuri! Hicho kitu kimoja kingenitosha kuamkia asubuhi miaka yote hii, nawe ulikikalia.

Nimezitoa barua zako nikazipanga kitandani kwake. Zinaniambia nyinyi wazima. Zinanitakia salama. Hakuna hata moja uliyoniuliza, "Na wewe Sheikha, umelipokeaje?" Mlimwacha kwangu ana miaka miwili mkaenda kutafuta maisha, sikulaumuni. Miaka mitano aliniita mama, mpaka uwanja wa ndege aliniita mama mbele ya wifi, na wifi akageuza uso. Alipokufa mlifiwa nyinyi. Mimi nilipelekewa habari kwa simu ya jirani, dakika mbili, kama mtu wa mtaani anayestahiki kujua.

Kaka, ruhusa ya kuimba ningeweza kuichukua mwenyewe. Mimi mtu mzima. Nilikungoja kwa sababu nilijua ili unipe ruhusa itabidi kwanza uniulize hali yangu.

Usinijibu kwa haraka.

Sheikha


Thamesmead
1 Septemba 2000

Mdogo wangu Sheikha,

Salamu nimeziandika mara nne na nimezifuta.

Nimeisoma barua yako stoo, katikati ya mashuka, nikalia mpaka wenzangu wakaniitia msimamizi. Alidhani nimefiwa siku ile. Nikamwambia ndiyo. Jioni nimempa Haifa aisome. Pale pa uwanja wa ndege alisoma mara mbili, akasema, "Ni kweli, niligeuza uso," akaingia chumbani.

Jumapili ya tarehe kumi Makorongo wana mechi yao ya mwisho. Wakipoteza timu inavunjwa, Douglas ameshawaambia vijana. Aliniomba nisikose, maana tangu Juni ile sijakosa hata mechi moja. Nimemrudishia daftari lake. Mtu mwingine ataandika.

Saa waliyopanga kuanza hapa ni saa kumi ya kwenu. Mkishasali alasiri, nenda kwa jirani ukakae karibu na simu. Nitapiga mimi, na Haifa atakuwa pembeni yangu. Tulipomleta hapa alikuwa na miaka saba. Kile alichokipenda kula, alichokiogopa, alivyolala, jino lake la kwanza kung'oka, hayo yako kwako, sisi hatunayo. Na yako mwenyewe pia, tangu siku ile ya dakika mbili mpaka leo.

Usianze kuniuliza kama sisi wazima. Nitauliza mimi, na simu sitaiweka mpaka uniambie umemaliza.

Kaka yako,
Sufian